Msimbazi: zege linayaondoa maji, lakini linayapeleka wapi?

Kila barabara ya Morogoro inapofungwa kwa mafuriko pale Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, kilio ni kilekile: jengeni mitaro ya zege. Kilio hicho kina haki. Tandale, ambako nyumba imesimama hatua chache kutoka ukingoni, hakuna pa kulaza ukingo wala kupanda matete. Mtaro wenye kuta wima ndio unaotosha hapo.

Lakini zege halipunguzi maji, linayaharakisha. Kwa mteremko, upana na kina kilekile, maji kwenye zege laini hukimbia takriban mara mbili ya yale ya mto wenye udongo na majani. Tena mji wenyewe unayaongeza: mvua ya milimita 60 kwa saa kwenye hekta 10 zenye bustani hutoa kama mita za ujazo 0.5 kwa sekunde. Zikifunikwa mabati na lami, 1.3. Mtaro unapoishia, kasi hiyo yote huangukia udongo mtupu. Hapo huchimbika shimo, bamba la mwisho la zege hubaki linaning'inia, linavunjika, na uharibifu hupanda juu bamba baada ya bamba. Gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, nazo huanguka hivyo, miguu ikishachimbwa. Ndiyo maana zitandikiwe godoro la mawe (sanduku bapa la waya lenye mawe) kwa mbele, urefu wake angalau mara mbili ya kina cha shimo linalotarajiwa. Nyuma kiwekwe kitambaa cha kuchuja udongo, na mawe yawe makubwa kuliko matundu ya waya.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022, huku chini unaupa mto nafasi: kuchimba na kupanua, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha wakazi. Naona ni sahihi, ingawa mzigo ni mkubwa kwa anayehama. Waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 walipewa viwanja Mabwepande, mbali mno na Kariakoo kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku.

Wasiwasi wangu ni mchanga. Unashuka kutoka vilima vya Pugu na kingo zinazomomonyoka, kisha unatua Jangwani, mteremko unapolala na bahari ikijaa. Pasipo mitego ya mchanga kule juu, kilichochimbwa kitajaa tena. Na mtego uliojaa haunasi kitu: uzolewe kabla ya vuli na kabla ya masika, na fedha za kuuzoa ziandikwe kwenye bajeti ya ujenzi wenyewe, kabla zege halijamwagwa.