Rambirambi Hazisomeshi

Mwaka juzi nilishika daftari la michango msibani kwa jirani yetu wa Mbagala, fundi magari aliyeacha mke na watoto watatu. Watu walijitoa kweli. Kikundi cha kufa na kuzikana kilileta sanda, turubai na mchele. Mafundi wenzake wakachanga nauli ya kumpeleka kwao. Siku ya kuanua matanga tulipojumlisha, kilichobaki kilitosha kodi ya miezi miwili. Januari mtoto mkubwa hakurudi shule.

Ndiyo maana hoja ya "bima ya maisha ya nini, tuna ndugu, tuna kikoba" siidharau, ila haifiki mbali. Ndugu wanazika vizuri sana. Ada ya miaka kumi hawaiwezi, nao wana watoto wao.

Hata hivyo si kila mtu anahitaji bima ya maisha. Uliza nani anakula kwa jasho lako. Kijana asiye na mtoto wala mzazi anayemtegemea simshauri aikate, wakala ambembeleze vipi. Wala mzee ambaye watoto wanajitegemea na vyumba vyake vinaingiza kodi.

Chukua mama mwenye duka, anayelea watoto wawili peke yake, mdogo ana miaka 8. Nyumba inakula laki tano kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Mpaka mdogo afike miaka 22 ni miaka 14: milioni 84, kabla bei hazijapanda. Kwenye hizo apunguze akiba yake, apunguze thamani ya kiwanja ikiwa kweli kinauzika. Pengo linalobaki ndilo la kukatia bima.

Mwajiriwa ana mafao ya warithi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, na pengine bima ya kundi ya mwajiri. Aulize, kwa sababu hii ya mwajiri kwa kawaida huisha kazi inapoisha. Ninaowahofia zaidi ni wanaosema, "Mimi nina bima, nilikatwa benki nilipokopa." Bima ile inalipa deni la benki. Inawaondolea warithi mzigo, lakini haiwaachii chakula.

Wanaolalamika kwamba bima inakula hela wana sababu. Bima za akiba na za elimu hufunga pesa miaka 10 au 15, na ukikatisha mapema unarudishiwa pungufu ya ulichoweka, miaka ya mwanzo pengine hupati kitu. Kwa mwenye kipato cha msimu hilo ni shimo. Mimi naona heri bima ya muda maalumu, ambayo muda ukiisha ukiwa hai hurudishiwi kitu lakini ada yake ni ndogo, na akiba iende kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS au kwenye hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali. Bima ya gari tunailipa hivyo hivyo kila mwaka, na hatuombi ajali.

Muislamu anayehofia riba na gharari, yaani mkataba wenye mashaka, ana takaful, ambako washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana. Hilo amuulize shekhe anayemwamini, si muuzaji.

Ukiamua kukata, presha au kisukari usivifiche kwenye fomu, maana hapo ndipo kampuni hupata sababu ya kukataa kulipa. Andika jina la mnufaika, yaani atakayelipwa, ulibadilishe maisha yakibadilika. Kisha mwonyeshe mwenzako hati inakaa wapi, leo hii, ungali unaweza kumwonyesha.