Sultan kichwani kwa babu

Jamani nyie mnaokusanya stempu, mtu akiwaambia anataka kuanza mfukuzeni, huu ni ugonjwa. Na mie nilijichagulia ule mgumu kabisa, nakusanya Zanzibar ya ile miezi michache tu, kutoka uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 mpaka Muungano wa Aprili 1964. Hebu fikiria, posta ndo kwanza wametoa stempu mpya za uhuru, Sultan Jamshid yumo katulia zake, mwezi haujapita sana tarehe 12 Januari hiyo hapo mapinduzi, sultan kaondoka kabaki kwenye stempu, na stempu zimejaa posta. Utafanyaje, uzitupe? Barua nazo zinataka kwenda. Wakatengeneza mihuri ya JAMHURI 1964 wakawa wanazigonga kwa mkono. Na hapo kwenye mkono ndo penye raha kwa sisi wagonjwa, maana kuna iliyokwenda upande, kuna iliyogongwa mara mbili, kuna ya kichwa chini. Baadae zikaja zilizochapwa kwa mashine zimenyooka vizuri, hizo wala hazinipi homa.

Mie nilikuwa nayo ya kichwa chini. Mpya, haijawahi kubandikwa popote, gundi yake kamili mgongoni. Nilinunua kwa mzee mmoja hapa mjini akaniapia ni ya posta, bei siitaji kwa vile mke wangu anajua kusoma.

Sasa gundi ya stempu na hewa ya Unguja hawapatani kabisa, masika ikiingia tu zinanata zenyewe ndani ya albamu. Kwa hiyo siku hiyo nimezitoa nimezipanga mezani zipigwe upepo kidogo, umeme umekatika toka asubuhi, nimeshika kibano changu, pumzi nameza. Babu akatoka kuoga. Babu yangu huyu kichwa hakina hata unywele mmoja, kinang'aa, na maji hajafuta, akavuta kiti akakaa pembeni yangu akaanza, hizi ndo karatasi zako zinazokula pesa?

Sijajibu, umeme ukarudi. Kumbe feni ilikuwa imeachwa namba tano.

Wee! Sultan wote wakaruka. Nilipiga yowe mpaka jirani akauliza nani kafa. Nikakimbilia swichi, nikatambaa chini ya meza, chini ya kitanda, nikamkagua mpaka paka, zote nikazipata kasoro ile moja tu, ya kichwa chini. Babu wala hana habari, kavaa kanzu, kapiga kofia yake ya viua aliyoshonewa na bibi, huyoo kahawani kucheza dhumna.

Natafuta mpaka magoti yanauma, simu ikalia mlio wa meseji. Binamu yangu katuma picha kwenye grupu la familia. Babu kavua kofia kwa joto, kainamia dhumna zake, na pale katikati ya utosi, Sultan Jamshid kakaa sawasawa utadhani kabandikiwa kutumwa Pemba.

Hapo lazima mjue kwamba babu ni mtu wa chama cha Afro-Shirazi toka ujanani, huyo mwambie utakalo lakini usimtanie mapinduzi. Nilikimbia na ndara mguu mmoja. Nafika nakuta wazee wanacheka mpaka kahawa zinamwagika, mmoja keshanyoosha kidole anataka kubandua kwa kucha.

Nikapiga kelele, "Msiguse!"

Babu akadhani ni nyuki. Alipoambiwa ni nani yuko juu akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Yaani nimpindue nikiwa kijana, leo uzee huu anipande kichwani?"

"Lakini si kagongwa Jamhuri?" mzee mwingine akamtetea. "Huyo wa kwetu, muache apumzike."

Ikabidi niiombe kwa muuza kahawa ile mvuke ya birika, babu kainama anatukana, mie na kibano naivua pole pole kona moja moja. Ikatoka nzima. Gundi kwaheri, imebaki kwenye utosi. Lakini hilo si lolote, kugeuza kofia ndani nikaona wino, JAMHURI nzima imehamia kwenye kitambaa cheupe, imejisoma kinyumenyume. Nikakaa chini. Wino uliokauka toka 1964 unawezaje kutoka kwa jasho la babu?

Nyumbani bibi kaikamata ile kofia, miezi ya kushona na sindano, akaniuliza nitalipa lini, na bei aliyotaja imepita ya stempu.

Kesho yake nikamrudia yule mzee aliyeniuzia nikiwa nimefura. Akaitazama, akaigeuza, akavua miwani. "Hii sasa ndo adimu," akasema, "imepinduliwa mara mbili." Akafungua droo anitolee nyingine.