Farasi Anayegoma Anajibu Alichofanyiwa

Katika Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Mjerumani Annika Schleu alikuwa akiongoza pentatloni ya kisasa ya wanawake, mchezo wa mashindano matano kwa pamoja, ilipofika zamu ya kupanda farasi. Kura ilimpa Saint Boy, farasi ambaye kanuni zilimruhusu kuzoeana naye kwa dakika 20 tu, na ambaye tayari alikuwa amemgomea mpandaji mwingine siku hiyo. Saint Boy alirudi kinyumenyume na kukataa kuruka vizuizi, huku Schleu akibubujikwa na machozi na kumchapa. Kocha wake, Kim Raisner, alionekana akimpiga farasi huyo ngumi, akafukuzwa mashindanoni. Schleu alimaliza wa 31, na shirikisho la mchezo huo likaamua kwamba Paris 2024 ingekuwa mara ya mwisho kwa farasi kutumika katika pentatloni.

Wengi walizungumzia ukatili, na walikuwa na haki. Mimi naona kwamba swali la kwa nini farasi aligoma liliachwa mapema mno.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, na ngozi yake huhisi hata inzi anapotua. Kwa mwili wa namna hiyo, mguso mdogo wa mguu unatosha kuwa agizo. Mafunzo mengi ya farasi hujengwa juu ya jambo moja: mpandaji hubana kwa miguu, farasi husogea, na papo hapo mpandaji hulegeza. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha kwamba amejibu sawasawa, na kukichelewa hata kidogo, hushindwa kujua ni tendo lipi lililompa nafuu.

Sasa mtazame farasi ambaye visigino vinamsukuma mbele ilhali hatamu, kwa sababu mpandaji ana hofu, zimevutwa na kuikaza lijamu, kile chuma cha kinywani. Akienda mbele anaumia mdomo. Akisimama anachapwa ubavuni. Hana jibu litakalomletea nafuu, basi hurudi nyuma, huzunguka papo hapo au husimama kwa miguu ya nyuma, na sisi humwita mkaidi. Wakati mwingine chanzo ni maumivu yasiyoonekana, kama jino bovu au tandiko linalobana mgongo, na ndiyo maana daktari wa mifugo aitwe kabla ya fimbo kuchukuliwa.

Anayenisikitisha zaidi, hata hivyo, ni farasi aliyenyamaza: aliyebanwa muda mrefu bila kulegezewa hadi akaacha kujibu, kisha akasifiwa kuwa mtulivu.

Kwa farasi anayekataa kizuizi, ningeshusha mti wa kizuizi hadi chini, nikalegeza hatamu na kumwacha anuse. Akipiga hatua moja tu mbele, ningeacha kumwomba kitu kingine kwa muda huo.