Akili ya Fundi wa Matondoni

Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka 2016 AlphaGo, programu ya kompyuta ya kucheza mchezo wa bao uitwao Go, ikamshinda bingwa wa Korea Kusini Lee Sedol kule Seoul, michezo minne kwa mmoja. Mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, programu ya kuandika na kujibu maswali, na leo mtoto wa Langoni hapa Lamu anaiomba insha kwa simu na kuipata kabla chai haijapoa. Basi watu wanaulizana mabarazani: akili ya binadamu imebaki na kazi gani?

Kwangu mimi, kilichopitwa na wakati ni kipimo chetu cha akili. Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walipotunga jaribio lao la kupima akili Ufaransa mwaka 1905, walitaka kuwatambua watoto wanaohitaji kusaidiwa shuleni. Sisi mitihani tukaifanya hukumu. Kuanzia 1985 hadi 2023, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, ndiyo iliyotuamulia nani ana akili na nani hana. Aliyefeli aliambiwa akavue samaki, kana kwamba bahari inamtaka mjinga! Linaniuma hilo mpaka leo.

Nenda Matondoni, kijiji cha kisiwani hapa Lamu, ukawatazame mafundi wa majahazi. Huoni mchoro wa karatasi. Fundi anachagua gogo lililopinda lenyewe, analigeuza huku na huku, anafumba jicho moja na kulilinganisha na ubavu wa chombo, kisha anasema, "Hili taruma la mbele," yaani ubavu wa chombo. Anashika tezo, kishoka chake cha kuchongea. Anachonga kidogo, anajaribisha, anatoa, anachonga tena mpaka linakaa. Zamu ya kalafati, kuziba nyufa za mbao, ikifika, pamba inatiwa mafuta na kushindiliwa katikati ya mbao, na mkono wake ndio unaojua imeshiba au bado.

Mtaalamu wa roboti Hans Moravec aliandika mwaka 1988 kwamba si kazi kubwa kuifanya kompyuta ifaulu majaribio ya akili ya watu wazima, ila kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea ni shida kubwa. Programu hizi za kuandika zimejifunza kutokana na maandishi, zikawa hodari wa kukisia neno linalofuata. Elimu ya Matondoni sehemu kubwa haikuandikwa popote. Imo mikononi, na mzee akifa bila mwanafunzi inazikwa naye.

Kisha kuna dhamana. Jahazi likivuja, watakaozama ni wajomba na wapwa wa fundi, naye analijua hilo kila anapopiga msumari. Nahodha anayetazama mawingu ya kusi akasema leo hatutoki, na huku nyumbani hakuna unga, anatumia akili ambayo hakuna karatasi ya mtihani iliyowahi kuiuliza. Mashine hukosea kwa maneno ya uhakika kabisa, na haipotezi kitu.

Siikatai. Imwandikie mtu barua ya ofisini, imfafanulie mwanafunzi hesabu. Ni msaada mkubwa, hasa visiwani ambako walimu ni haba. Lakini mtaala mpya unajigamba kwamba unapima umilisi. Basi shule za Lamu ziwaite mafundi hawa wakae pamoja na walimu, watazame kazi za mikono ya watoto na kuzitolea alama, na walipwe kwa siku hiyo sawa na mwalimu, hata asiye na cheti chochote.