Wosia Niliouacha Rhino Point

Kwa kuwa shoga yangu (mwenyewe anajijua) ameshamwaga stori ya safari yetu ya Mlima Meru kwenye magrupu yote, na leo asubuhi mlinzi wa getini kazini kanipokea kwa kuniuliza kama mguu ulipata pa kukanyaga, acha na mimi niseme langu. Ya kwake ina chumvi nyingi. Sikulia. Ile ilikuwa mvua ya mawe inayeyukia usoni.

Meru wenyewe mnaujua, kila siku tunautazama toka mjini Arusha tukinywa chai. Mita 4,566. Wageni wengi huupanda ili kuzoea hewa ya juu kabla ya kwenda Kilimanjaro, basi na sisi tukajidanganya kwamba ni mlima wa mazoezi. Mazoezi gani unasindikizwa na afande mwenye bunduki kwa sababu ya nyati? (Bunduki ya kweli, jamani. Nilimuuliza ameshawahi kuitumia, akanijibu, "Dada, tembea.")

Kuanzia geti la Momella, kambi ya Miriakamba, mpaka kambi ya Saddle Hut kule mita 3,570, nilikuwa malkia. Picha kila kona. Wagumu (wapagazi wetu) wanaleta chai na bisi, mimi nakula zangu na za jirani. Kumbukeni hizo bisi, zitarudi.

Saa saba usiku tukaanza kukitafuta kilele. Desemba hiyo, vuli bado inanyesha. Tulishapita Rhino Point, kituo cha njiani juu ya Saddle Hut, na miamba yake, tuko mbele kidogo, mvua ikageuka mawe na radi ikapiga upande wa kreta. Afande akasimama. "Kilele hata mwakani kitakuwepo. Geuzeni." Kimoyomoyo nilishangilia. Kwa nje nikasonya, watu wajue nilikuwa na nia.

Sasa ile miamba. Ni mawe laini yaliyoinamia bondeni, na pana mnyororo wa kushikilia. Wakati wa kwenda nilipita huku naongea. Wakati wa kurudi mwamba wote umejaa chembe za barafu zinazoviringika chini ya soli.

Hapa naomba mtulie.

Mguu wa kulia ukateleza. Wa kushoto, kwa moyo wa umoja na mshikamano, ukaufuata. Mikono ikadaka mnyororo. Upepo nao ukaingilia poncho kwa chini, ukaipandisha yote, ikanifunika kichwa gubigubi. Tochi ya kichwani ikawa inamulika plastiki ya bluu iliyoganda puani, na humo ndani hakuna hewa ila pumzi yangu mwenyewe, inanuka bisi. Nikapeleka mguu huku: hewa tupu. Nikapeleka kule: hewa tupu. Kwa hesabu zangu, chini yangu palikuwa na kreta nzima.

Nikaanza wosia.

"Afandeee! Mwambieni mama yangu namba ya siri ya pesa kwenye simu ni..."

Nikaitaja. Tarakimu zote nne, mojamoja, kwa sauti ya dalali wa mnadani. Halafu nikairudia, maana radi ilipiga nikiwa kwenye ya tatu na sikutaka mama asumbuke.

Shoga yangu, mtu niliyemwazima soksi zangu nzito, akauliza toka gizani: "Kwani humo mna shilingi ngapi?"

Upepo ukachagua sekunde ileile kunyamaza. Bonde zima likawa linanisikiliza mimi.

"Elfu kumi na mbili."

Kimya. Kisha mwongozaji wetu akaanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu msibani aliyekumbuka kichekesho.

Afande akasogea, akanifunua uso kwa vidole viwili, akamulika chini. "Dada, nyoosha mguu."

"Nitakufa."

"Nyoosha tu."

Nikanyoosha. Kiatu kikatua kwenye jiwe pana kama meza ya kulia chakula. Muda wote ule nilikuwa nimekunja magoti.

Mengine hayana maana. Tukashuka, uji nikaunywa nimegeukia ukuta, Kilimanjaro sikuiona kwa mawingu, magoti yakauma, tukafika getini. Simu ilipopata mtandao nilikimbilia kubadilisha namba ya siri. Shoga yangu mtandao ulimfikia kabla yangu, na mnajua aliutumia kufanya nini.

Mnaoniuliza kama nitarudi: afande kanishauri nije kiangazi, Julai au Agosti, tena poncho niiache nyumbani.

Jana usiku mjomba kanitumia shilingi elfu tatu. Meseji iliyofuata: "Ongezea kwenye mirathi." Nimezipokea, na leo nimenunulia vocha.