Snitker hakuokotwa njiani
Kuna mwandishi anayesema Brian Snitker alibahatika tu kukabidhiwa ukocha wa Atlanta Braves, timu ya besiboli ya Marekani, mwaka 2016, mtu aliyeshindwa kucheza besiboli ya ligi kuu. Hapo anamwonea. Kweli, hakuvuka ligi ndogo. Alikuwa mdakaji, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, na mwaka 1980 klabu ikamwacha. Lakini Hank Aaron, aliyesimamia vijana wa Braves wakati huo, alimwona ni mwalimu akampa kazi, na tangu hapo hakuhama klabu. Miaka nenda miaka rudi ni mabasi na miji midogo, leo anapandishwa, kesho anateremshwa. Kuanzia 2007 hadi 2013 ndiye kocha aliyesimama kando ya kituo cha tatu, cha mwisho kabla ya mkimbiaji kufunga, akizungusha mkono mkimbiaji aendelee, akiinua viganja asimame. Kisha wakamrudisha ligi ndogo, kwenye timu yao ya Gwinnett, umri ukikaribia miaka 60! Wengi wangesusa. Yeye alikwenda akafundisha, na mwaka 2021, akiwa na Braves, akatwaa ubingwa wa ligi kuu mbele ya Houston Astros, ambako mwanawe Troy alikuwa kocha wa wapigaji. Wenzangu, kuna kocha mwingine mnayemjua aliyesubiri zaidi ya miaka 30 ndani ya klabu ile ile?