Mke Wangu Hakusafiri

Mke wangu na mimi tuliondoka nyumbani kwetu Minneapolis alfajiri ya Ijumaa moja, tukapanda ndege moja, tukakaa viti vilivyogusana vya 3A na 3B, tukashuka Seattle kwa mlango mmoja, na huko harusini Tukwila tukapokelewa na watu wasiopungua 200 ambao wote wako tayari kula kiapo kwamba walituona wawili. Hata hivyo, kwa mujibu wa kompyuta ya shirika la ndege, ambalo sitalitaja kwa sababu bado lina maili zangu, aliyesafiri ni mimi peke yangu. Akaunti yangu ya maili, zile pointi ambazo abiria huzichanga ili baadaye azibadilishe kwa tiketi au kiti cha mbele, iliingiziwa 1,590. Ya mke wangu iliingiziwa sifuri, tena si ile sifuri ya kimyakimya ya mtu aliyesahauliwa: iliandikwa kwa rangi ya kijani, pamoja na tarehe na namba ya safari, kana kwamba ni zawadi.

Nilifundisha hisabati shule ya msingi huko Muheza kwa miaka 11 kabla sijaja kusukuma makasha katika ghala la Minnesota, kwa hiyo sifuri naifahamu vizuri, na nimewahi kumpa sifuri mwanafunzi ambaye hakuja kabisa kwenye mtihani. Sijawahi kumpa sifuri aliyekuja, akakaa, akaandika, akanywa chai na kudai maziwa zaidi.

Mambo yote yalianza na benki. Nina kadi ya mkopo ambayo kwa ada yake ya mwaka mtu angejipatia mbuzi wawili wazuri wa Handeni, na ukishalipa ada hiyo unapewa haki ya kununua tiketi moja kwa nauli kamili kisha ya pili ukaipata bure, ukilipia kodi tu. Barua ilipofika niliingia nayo jikoni nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota, nikatangaza, "Mama Salma, leo nimepata tiketi ya mwenza!"

Mke wangu aliuweka mwiko chini polepole. "Mwenza wa nani?"

Mtu yeyote aliyezaliwa Tanga anajua kwamba neno hilo halitamkwi mbele ya mke aliyeshika mwiko. Kwa wasafiri mwenza ni mtu unayeandamana naye. Kwa mke wangu mwenza ni mwanamke mwingine mwenye chumba chake, zamu yake na mahitaji yake ya sikukuu. Ilinichukua nusu saa nzima kumweleza kwamba mwenza mwenyewe ndiye yeye, maelezo ambayo hayakumpendeza pia, kwa sababu aliuliza ikiwa yeye ndiye mwenza, basi mke mkubwa ni nani. Wali ulishika ukoko tukiwa bado kwenye aya ya kwanza ya masharti.

Laiti ningesoma mpaka aya ya tisa.

Inafaa nieleze kwanza hizi maili zenyewe, maana jina lake linadanganya. Zamani maili ilikuwa maili. Shirika la ndege la Texas International lilianza mchezo huu mwaka 1979, shirika la American likaanzisha mpango wake wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, na United haikungoja hata mwezi upite kabla ya kutoa wa kwake. Ukiruka maili 1,000, unaandikiwa maili 1,000, na mtoto wa darasa la tatu angeweza kuikagua hesabu hiyo kwa rula na ramani. Halafu mwaka 2015 Delta na United waliacha kupima umbali na kuanza kupima mfuko, na mwaka uliofuata American nao wakafuata njia hiyo, hivi kwamba abiria wa kawaida akaanza kupata maili 5 kwa kila dola ya nauli, bila kuhesabu kodi. Kwa hesabu hiyo, anayekwenda mji wa jirani kwa tiketi ya ghafla ya dola 600 anaandikiwa maili 3,000, na anayevuka bara zima kwa tiketi ya dola 90 aliyoivizia usiku wa manane anaandikiwa 450. Kama ningefundisha hivyo Muheza, mkaguzi wa shule angenihamisha siku hiyo hiyo.

Shirika letu nalo linahesabu kwa dola. Kutoka Minneapolis hadi Seattle ni karibu maili 1,400, kwa hiyo kwenda na kurudi tulikaribia maili 2,800 kila mmoja. Nauli yangu ilikuwa dola 318. Zidisha kwa 5, unapata 1,590. Nauli ya mke wangu, kwa kuwa yeye ni mwenza, ilikuwa dola 0. Zidisha kwa 5. Sihitaji ubao.

Nilidhani nina akili kuliko kanuni hizo. Nilikuwa na maili 20,000 nilizozichanga kwa miaka mitatu kama mtu anayechanga karo, nikasema nitazitumia kutupandisha daraja sote wawili, kwenda tu, ili tufike harusini tumenyooka migongo. Nilipiga mahesabu hivi: daraja la kwanza lina nauli kubwa, nauli kubwa inazaa maili nyingi, na mtu aliyekaa daraja la kwanza bila shaka atahesabiwa kuwa alikaa daraja la kwanza. Ninakiri kwamba niliona huruma kwa shirika hilo, nikaona nalitia hasara.

Safari ya kwenda ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Mke wangu aliletewa kikombe cha udongo badala ya cha karatasi, na kibakuli kidogo cha korosho zilizopashwa moto, ambazo alizitazama kwa jicho la mtu wa Pwani, akahesabu saba, akauliza zilizobaki ziko wapi. Chai haikuwa na tangawizi. Alinyoosha miguu yake mpaka mwisho, akavua viatu, akasema, "Baba Salma, kumbe huku mbele kuna watu wanaishi." Mimi nilikuwa nikizidisha kichwani. Nilifika milimani nikiwa nimeshapata maili za kutosha kuja Seattle tena.

Tulirudi viti vya 31D na 31E, mkabala na choo, ambacho mlango wake ulikuwa haufungi mpaka upigwe goti, na kila aliyetoka alituomba radhi.

Siku ya tatu maili ziliingia. Kwenda daraja la kwanza, korosho zikiwemo: 795. Kurudi jirani na choo: 795. Nilizijumlisha mara mbili nikitafuta tofauti, hata ya maili moja ya heshima, sikuipata. Ndipo nikaisoma aya ya tisa, inayosema kwamba aliyepandishwa daraja atahesabiwa maili kwa nauli na herufi ya tiketi aliyoinunua awali, si kwa kiti alichokalia.

Herufi hizo ndizo zenye ndege yao. Sisi tunaona madaraja mawili na pazia katikati, lakini kompyuta inaona karibu alfabeti nzima: F kwa kawaida ni daraja la kwanza, J ni daraja la biashara la nauli kamili, Y ni daraja la kawaida la nauli kamili, na herufi nyingine nyingi kila shirika limezigawa lenyewe kwa watu wa punguzo, watu wa zawadi na watu kama mke wangu. Unaweza kukaa safu ya 3, ukanywea kikombe cha udongo na kuitwa "bwana" na mhudumu kila dakika kumi, lakini herufi yako imebaki huko nyuma karibu na choo inakusubiri urudi.

Mwalimu yeyote wa Tanzania ameshaijua hali hii bila kupanda ndege. Unapandishwa daraja, barua unayo, mhuri unao, wenzako wamekupongeza na umewanunulia soda. Mshahara unabaki pale pale na unaambiwa usubiri marekebisho. Mwaka 2016, serikali iliposimamisha upandishaji wa madaraja ili kwanza iwahakiki watumishi hewa, nilimsikia mwalimu mwenzangu mmoja akisema kwamba afadhali angekuwa hewa mwenyewe, kwa maana hewa walikuwa wakilipwa kwa wakati. Sikutegemea kwamba siku moja mke wangu halali, mwenye uzito wa kuonekana, angekuwa abiria hewa.

Na hewa nao wana bahati zao katika biashara hii. American ilianza kuuza tiketi ya maisha mwaka huo huo wa 1981, kwa dola 250,000, mtu aruke daraja la kwanza apendavyo mpaka mwisho wa umri wake, na aliyeongeza fedha alipata pia kiti cha mwenza. Tena wenye tiketi hizo walikuwa wakijiongezea maili kila walipopaa. Shirika lilipochoka kula hasara, likafuta baadhi ya tiketi hizo mwaka 2008, na mmoja wa waliofutiwa alidaiwa kuhifadhi kiti cha mwenza kwa majina ya watu wasiokuwepo duniani. Yaani mwenza ambaye hakuwepo alipata kiti miaka na miaka, na wangu aliyekuwepo, aliyelalamikia chai, hakupata hata maili moja.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Nilisikiliza muziki kwa dakika 47, muziki ambao kwa kweli unamwandaa mtu kukubali lolote, kisha dada mmoja mwenye sauti ya asali akanijibu. Nilimweleza kwa utulivu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wazazi siku ya kikao, kwamba watu wawili wamesafiri na akaunti moja tu ndiyo imekula. Alinishukuru kwa uaminifu wangu. Alisema tiketi ya mwenza si tiketi ya kulipia, na ambayo si ya kulipia haihesabiwi kuwa safari inayostahili.

"Lakini tulilipa kodi," nilisema.

Hilo alilikubali. Serikali ya Marekani haina habari ya mwenza. Yenyewe ilimtambua mke wangu kuwa abiria kamili, ikamtoza dola 5.60 za ulinzi kwenda na 5.60 nyingine kurudi. Kiwanja cha ndege nacho kikachukua dola zake 4.50 bila kuuliza herufi yake. Kila aliyekuwa akipokea alimwona. Aliyetakiwa kutoa ndiye hakumwona.

Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele huku simu ikiwa imewekwa sauti ya nje, alinyanyua kichwa. "Baba Salma, muulize huyo mwanangu: kama mimi sikusafiri, yule mama wa pale kiwanjani aliyenipekua ushungi mara mbili alikuwa akimpekua nani?"

Nilimtafsiria kadiri ya uwezo wangu. Yule dada alikaa kimya kidogo, nikasikia akibonyeza vitufe vya kompyuta, nikaanza kuwa na tumaini. Kisha akaniuliza kama kuna jambo lingine lolote ambalo angeweza kunisaidia leo.

Jioni ile nilichukua karatasi. Ili nirudishe zile maili 20,000 kwa mwendo wa 1,590 kila safari, itanibidi niende Seattle na kurudi mara 13, na kule sina harusi 13. Nilimwonyesha mke wangu hesabu hiyo, akaitazama muda mrefu, akakunja karatasi, akafungia bizari.

Wiki mbili baadaye ilikuja bahasha kutoka benki ile ile, ila safari hii iliandikwa jina lake. Alikuwa ameomba kadi yake mwenyewe bila kuniambia. Alipotumia kiasi walichomtaka atumie, kwa kununua mchele, mafuta ya kupikia na matairi ya gari letu, walimwingizia maili 40,000 za kumkaribisha. Ndiyo, 40,000. Mwanamke aliyeruka karibu maili 2,800 kwa mwili wake akapewa sifuri, amekaa jikoni na kadi akapewa 40,000, na hizo zote bila kupekuliwa ushungi.

Mwezi ujao tunakwenda Atlanta kwenye hitima. Mnunuzi ni yeye. Jana alinikalisha mbele ya kompyuta nimsaidie kujaza fomu, na kwenye mstari wa pili, panapotakiwa jina la mwenza, akataja langu akinitazama usoni. Nilipofika penye kupandishwa daraja, nikamkumbusha kwamba maili zinatosha sote wawili. Akasema anazijua, lakini mwenza hupewa kwa zamu, na zamu yangu haijafika. Yeye atakaa 2A. Mimi nipo 31E, mahali ninapopafahamu.

Kabla hatujamaliza aliniambia nisisahau kujaza na namba yangu ya uanachama. Nikaijaza.